Moyo Juu ya Mabati

Nyumba ya mama yangu ina sauti yake. Jua likishapanda, mabati yanatanuka na kualika, tak, tak, tak, na aliye ndani anajua bila kutazama saa kwamba joto limeingia na halitatoka hadi jioni. Kiangazi kile niliichukia sauti hiyo kuliko sauti yoyote niliyowahi kusikia. Mama alikuwa amelala chini yake, upande wote wa kulia umekufa ganzi, na daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba joto lile lingeweza kummaliza.

Alikuwa amepigwa na stroki. Tulimtoa hospitali Migori akiwa hai, tukamshukuru Mungu, tukamrudisha nyumbani, kati ya Sori na Macalder, mahali ambapo ziwa unaliona lakini upepo wake unapita juu ya miti kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Daktari mwenyewe alikuwa kijana, na kijana hajui kuzungusha maneno. "Presha yake na hizi dawa za kukojoa hazipatani na joto," alisema. "Akae mahali pa baridi, anywe maji. Mkimweka kwa nyumba ya moto atarudishwa hapa, ama hatarudishwa." Nikamwuliza nyumba ya moto ni ipi. Akaniuliza yetu imeezekwa na nini. Nikasema mabati. Aliandika kitu kwenye kadi na kunikabidhi.

Mabati hayo yalitoka shimoni. Baba alichimba dhahabu Macalder miaka mingi bila kupata cha maana, halafu akapata kidogo, na kabla rafiki zake hawajamsaidia kukimaliza, Mama akamkalia kichwani mpaka akanunua mabati. Ikawa nyumba ya kwanza ya mabati katika boma letu. Vyumba viwili, kuta za udongo, paa la kuinama pande mbili, fupi, madirisha madogo kwa sababu ya wezi, na dari hakuna. Siku hizo nani aliwaza dari? Mabati peke yake yalikuwa sifa tosha. Majirani wa nyumba za nyasi walilala kwenye baridi yao nzuri na bado wakatuonea wivu sisi tuliokuwa tunachemka.

Mtu wa mbali ataniuliza kwa nini hatukulibadilisha paa basi. Hata mimi nilijiuliza, kwa sauti kubwa, na zaidi ya mara moja nikiwa peke yangu jikoni kwangu. Kwetu Wajaluo mume akifa, paa la mjane haliguswi mpaka mjane arithiwe na ndugu wa marehemu. Huyo ndiye anayepanda, ndiye anayepiga msumari wa kwanza, na baada ya yeye mtu yeyote anaweza kutengeneza anachotaka. Ukipanda kabla yake, umeita chira, laana inayokondesha watoto mpaka wanaisha. Mama alikataa kurithiwa. Aliwaambia wazee na watu wa kanisa wakiwa wamekaa pamoja: "Nimezaa, nimelea, nimezika. Imetosha." Tangu siku hiyo hakuna mkono uliogusa nyumba yake.

Aliyekataliwa ni baba mdogo, mdogo wake Baba, anayekaa ng'ambo ya ua wetu wa ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe. Si mtu mbaya. Msiba ukitokea ndiye wa kwanza kufika, na ng'ombe wetu wakipotea ndiye anayewafuata. Lakini lile neno "imetosha" lilimkaa kooni. Tulipomleta Mama kutoka hospitali alikuja, akamsalimu, kisha akasimama nje na mikono nyuma akiangalia paa.

"Nyumba ya shemeji yangu mimi nitaitengeneza siku yoyote," aliniambia. "Yeye mwenyewe anajua kinachotakiwa."

Ndugu yangu yuko Nairobi, na kwa simu kila kitu ni rahisi. "Sista, hizo ni story za kitambo," akasema. "Tafuta fundi Mkisii, huyo hana shida na chira, apige ceiling board, maneno kwisha." Hili pia tulikuwa tumelijadili na Mama zamani, kabla hajaugua. Alinijibu kwamba chira haimuulizi fundi ametoka wapi. Nikamkasirikia. Mama huyu ni wa kufunga kila Ijumaa, anaombea wagonjwa, na mapepo ya watu wengine anayakemea bila woga. Nikamwambia kama unaamini Mungu amini, kama unaamini chira amini, lakini uchague.

"Mimi siogopi chira," alisema, bila hata kuacha kuchagua mchele. "Lakini siku mtoto wenu mmoja akiumwa, mtageuka mnitazame mimi. Sitaki kutazamwa."

Nikavuta ungo nikamsaidia kuchagua, na sasa alikuwa amelala pale bila maneno.

Mimi nimeolewa Kosele, upande wa Homa Bay, ambako jioni mtu anavaa sweta. Mume wangu ndiye aliyesema wa kwanza, "Mlete mama hapa." Lakini mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hilo kila mtu anajua, na nilipomweleza Mama alifunga macho na kuyaacha yamefungwa hadi nilipomaliza kuongea. Jiko lake la nyasi, ambalo lingemfaa, liliangushwa na mvua na lilikuwa chini ya sheria ileile. Tulimtoa nje asubuhi chini ya mwarobaini, lakini jua likifika utosini kivuli kinabaki cha kuku wawili, upepo unaleta vumbi, na kumnyanyua ni kazi ya watu wenye misuli. Kwa hiyo kuanzia saa sita hadi jioni alikuwa ndani, na ndani ndiko alikokatazwa.

Misuli ilikuwa ya yule mama wa Kikuria tuliyemtafuta amtunze. Alitoka upande wa Kehancha, mjane pia, mkali wa usafi, na neno la Kijaluo hakuwa nalo, isipokuwa dani, yaani bibi, alivyomwita Mama. Yeye na Mama walizungumza Kiswahili. Mama aliuza omena, dagaa wa ziwa letu, katika masoko ya Wakuria miaka na miaka, na Kiswahili chake chote alikiokota huko, pamoja na matusi. Baada ya stroki maneno yalimtoka moja moja, yametafunwa, na mara nyingine siku nzima ilipita bila hata moja.

Ndugu yangu alituma feni. Ilikuja na boksi lake, ikawekwa juu ya stuli, majirani wakaja kuiona ikigeuza shingo. Feni haitengenezi baridi. Inachukua hewa iliyopo na kukutupia usoni, na hewa iliyopo ilikuwa moto. Alasiri ya kwanza midomo ya Mama ilikauka mpaka ikapasuka. Tukaiacha kwa saa za jioni, stima ikiwepo, ambapo kweli ilisaidia.

Nikaja na akili yangu ya Kosele. Kule ukiloweka gunia na kulitundika dirishani, upepo unaingia umepoa, na watoto wangu wamekua hivyo. Nikatundika magunia mabichi kwenye madirisha yote. Nilisahau kwamba Kosele hewa ni kavu na hapa tuko pembeni mwa ziwa, hewa yenyewe tayari imelowa. Saa saba nyumba ilikuwa sufuria ya ugali iliyofunikwa. Mama alipumua kwa mdomo, haraka haraka, na macho yake yakanifuata nilipokuwa nikiyang'oa magunia na kuyatupa nje. Nilitukana. Sijui nilimtukana nani.

Tulichojifunza tulijifunza kwa kuogopa. Madirisha na mlango vifunguliwe jua likizama na vifungwe mapema asubuhi, kabla joto halijaamka. Kitambaa kibichi kisiwe dirishani, kiwe shingoni na kwenye nyayo zake. Maji kidogo kidogo, kwa kijiko, kila mara. Jiko la makaa lisiingie ndani hata kwa chai. Haya yalitusogeza hadi saa sita. Baada ya hapo mabati yalianza kualika na sisi tukaanza kumtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Siku moja nilipanda juu ya meza nikaona jambo. Pale ukuta unapokutana na mabati, Baba alikuwa amesokota matambara na kuyashindilia kwenye kila tundu, kwa sababu ya popo. Joto lote lililopanda juu lilikuwa limefungiwa humo. Nikaanza kuyavuta. Kwenye tundu la kwanza niliweka kiganja na kuhisi hewa ya moto ikitoka mbio. Niliposhuka kusogeza meza nifikie matambara mengine, baba mdogo alikuwa mlangoni.

"Unatoa ama unaweka?" akaniuliza.

"Natoa."

Akafikiri. "Kutoa si kujenga," akasema, na akaenda zake. Popo walirudi wiki hiyohiyo, na mama wa Kikuria akapigana nao kwa ufagio kila jioni akiwaita majina ya Kikwao.

Hapo nikapata mwanga. Kama kutoa kunaruhusiwa, kutundika je? Nilikwenda Sori nikanunua mikeka ya mafunjo, ile wanayofuma kwa majani marefu ya ufukweni, nikaishona pamoja kwa sindano ya gunia. Mimi ni fundi cherehani, kushona ndiyo kazi ninayoijua. Nikaitundika chini ya mabati kama dari, kwa kamba, kwenye misumari ambayo Baba mwenyewe aliigonga zamani kwa ajili ya kalenda na picha za harusi. Sikuongeza msumari hata mmoja. Na ikafanya kazi! Mchana huo Mama alilala usingizi wa kweli, mdomo umefungwa, na mama wa Kikuria na mimi tukakaa mlangoni tukinong'ona kana kwamba tuna mtoto mchanga ndani.

Hatukufika mbali. Ukuta wa udongo umezeeka, na msumari mmoja ukatoka na uzito. Dari yote ikaja chini upande wa kitanda, ikamkosa Mama kichwa kwa upana wa kiganja. Nikauokota ule msumari. Nikaokota na jiwe. Tundu nililiona pale pale, na msumari ungehitaji kugongwa mara tatu tu.

"Huo ukiugonga, umejenga," baba mdogo alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amesikia kishindo, akakimbia, na nadhani kweli aliogopa. Lakini alisema.

Nilimtazama Mama. Ule upande wa uso wake ulio hai ulikaza. Akatoa neno moja la Kijaluo, "We," yaani acha. Nililitupa jiwe nje kwa nguvu zangu zote, likapiga debe la maji likabonyea, na debe hilo lipo hadi leo. Tukakunja mikeka, tukaiweka pembeni, juu ya nyavu zake kuukuu za kuanikia omena, ambazo hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kuzitoa mle chumbani. Kesho yake nikarudi Kosele, kwani shule zilikuwa zinafunguliwa na sare za watu zilikuwa zimelala mezani kwangu.

Nilikuwa nikishona kola wakati simu ilipolia.

"Anti," mama wa Kikuria alisema, na sauti yake peke yake ilinisimamisha. "Dani anasema moyo."

"Anasema nini?"

"Moyo. Tangu asubuhi. Moyo, moyo, moyo. Hataki uji."

"Anashika kifua?"

"Hapana. Anaonyesha juu. Mkono ule mzima anauinua, anaonyesha juu mbinguni, anasema moyo. Anti, mimi naona anaaga."

Nilimwambia amlaze vizuri, ampe maji, asimwache. Nikampigia mtu mwenye Probox pale Sori akamchukue ampeleke hospitali. Halafu nikatoka na futi yangu ya cherehani ikining'inia shingoni. Kutoka Kosele hadi kwetu, kwa Homa Bay na Ndhiwa, ni safari niliyoifanya mara nyingi, na siku hiyo sikuona chochote cha njiani. Nilikuwa nikizungumza na Mungu kwa lugha ambayo Mama asingeipenda. Nilimwambia kama ni moyo, basi ausimamishe wangu mimi, si wake. Nilimwambia pia kwamba nyumba ya mabati ilikuwa wazo la Mama, na kwamba si haki mtu auawe na sifa yake mwenyewe. Kila nilipopiga simu niliambiwa yupo, lakini amekataa kupandishwa gari. Anampiga dereva kwa mkono wa kushoto.

Pikipiki iliniingiza bomani saa nane, saa mbaya kuliko zote. Watu walikuwa wamejaa. Habari za moyo zilikuwa zimevuka ua na kufika sokoni, na wanawake wenzake wa omena wamekuja na leso zimefungwa kiunoni, mmoja ameshaanza kuvuta pumzi ya ile sauti ya kwanza ya kilio. Nilimwangalia jicho moja tu akaimeza. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mwarobaini, fimbo magotini. Probox ilikuwa inanguruma mlangoni. Na juu ya yote, tak, tak, tak.

Ndani, mama wa Kikuria na dereva walikuwa wamemshika Mama mabega na miguu tayari kumnyanyua. Ngozi yake ilikuwa inawaka. Nilipiga magoti na kuweka uso wangu karibu na wake.

"Moyo," akasema.

"Unaona," mama wa Kikuria alinong'ona, machozi yakimtoka. "Moyo tu."

Nilimshika mkono nikamwuliza kwa lugha yetu, bila kupanga, jinsi ninavyomwuliza kila kitu tangu utoto: "Moyo ang'o, Mama?"

Na maneno yaliponitoka mdomoni nikayasikia. Kwa Kiswahili moyo ni moyo. Kwa Kijaluo moyo ni kuanika, kutandaza kitu juani kikauke. Ni neno ambalo mama yangu alilisema kila alfajiri ya maisha yangu alipotuamsha: twendeni tukaanike, omena zinaoza. Nilikuwa nimemwuliza, "Kuanika nini, Mama?" Siku nzima amekuwa akiongea Kijaluo na mtu wa Kiswahili, wenye Kijaluo wakaipokea habari kwa Kiswahili, na sisi wote tumekuwa tukimzika.

Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokosea chenji. Kisha macho yake yakashuka pembeni, kwenye mikeka iliyokunjwa na nyavu zilizokuwa chini yake, na mkono wa kushoto ukapanda ukaonyesha mabati. "Moyo," akasema tena. Anika.

"Mwacheni," nikawaambia. "Zima gari."

Tuliburuta nyavu nje nyuma ya nyumba na kuzitandaza chini, zote mbili, tukaziunganisha. Juu yake tukapanga mikeka ya mafunjo, na nikaanza kuishona kwenye nyavu kwa uzi wa manila. Wanawake wa omena hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Waliokuja kulia walichuchumaa wakashona, wengine wakakimbilia kwao na kurudi na mikeka yao na nyasi za kufunga vitita. Tulifunga kamba ndefu kwenye pembe, tukafunga jiwe kwenye kila kamba, tukazirusha juu ya paa mpaka zikaangukia upande wa mbele. Upande wa chini tuliacha mawe yakining'inia kwenye wavu, yaushikilie, kama vile unavyoshikiliwa majini. Hakuna kilichofungwa kwenye nyumba. Hakuna mguu uliopanda.

Mbele tukashika kamba na kuvuta. Wavu ulipanda taratibu mgongo wa nyuma, mikeka ikikwaruza mabati. Nilisikia mama wa Kikuria ndani akimhesabia Mama hatua zetu: "Wanavuta, dani. Wanavuta." Halafu ukakwama. Vichwa vya misumari pale kileleni viliushika, na kadiri tulivyovuta ndivyo ulivyojikaza. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Jua lilikuwa limesimama pale pale.

Baba mdogo aliinuka kwenye kiti chake. Aliweka fimbo chini, akatemea viganja, akaja. Ana mikono ya mtu aliyevuta mitumbwi ujana wake wote, na sitasema uongo, moyo wangu ulimfungukia. Nikasogea nimwachie nafasi kwenye kamba.

"Kik," sauti ya Mama ikasema kutoka dirisha la kitandani kwake.

Ni neno dogo letu la kukataza. Kila aliyekuwa pale alilisikia, na kila aliyekuwa pale alijua maana yake, isipokuwa mama wa Kikuria aliyeuliza ndani, "Amekataa nini tena?" Amekataa mkono. Mwanamume huyo akivuta kamba ile, mbele ya macho ya kijiji, atakuwa ameifunika nyumba ya mjane wa ndugu yake. Atakuwa amemrithi. Angepata kwa wavu alichonyimwa mbele ya wazee, na Mama, nusu mwili umekufa, ngozi inawaka, alikuwa ameliona hilo kabla yangu.

Mkono wa baba mdogo ulibaki hewani, karibu na kamba. Sikujua kama ameukunjua kwa huruma au kwa hesabu, na nadhani yeye pia hakujua.

"Nikiacha, utakufa na joto," alisema kuelekea dirishani, na sauti yake ilikatika kidogo.

Mabati yakaalika. Nilitaka kulia, nilitaka kumsukuma, nilitaka kumfuata Mama ndani nimwambie aache kiburi mara moja tu katika maisha yake. Mmoja wa wale wanawake, aliyekuwa akiuza omena meza moja na Mama, aliachia kamba akafuta viganja kwa leso.

"Wavu ukishika jiwe hauvutwi," alisema. "Unarudishwa. Nyinyi mmesahau?"

Tukakimbia nyuma, tukaushusha kidogo, tukaupeleka kando, na wa mbele wakavuta kwa kustukiza. Ukanyanyuka. Ukavuka kileleni na kuteremka upande wa pili kwa kelele kubwa, na mawe yakagonga ukuta na kutulia. Nyumba ya Baba ikawa na nywele.

"Hii ni kuezeka," baba mdogo alisema. Alikuwa amerudi kwenye fimbo yake.

"Hii ni kuanika," nikamjibu.

"Mnaanika nini?"

Yule mwanamke wa meza moja alifungua kifundo cha leso yake, akatoa omena alizokuwa amebeba za jioni, na kuzirusha zote juu ya paa. "Omena," akasema. Kunguru walishuka kabla hajafunga kifundo. Baba mdogo alitazama kunguru, akatazama dirisha, akatikisa kichwa, na nilimwona akificha tabasamu kwa kiganja. Aliondoka bila kuaga. Kesho yake alfajiri tulikuta ameacha mlangoni mzigo wa mafunjo mabichi, yamekatwa vizuri, hayajafungwa kwenye chochote.

Lakini siku hiyo nilingoja. Tulisimama uani wote, tukisikiliza. Tak. Kisha kimya kirefu. Tak moja ya mwisho, ya mbali, kisha hakuna. Niliingia ndani. Giza lilikuwa jipya, lenye harufu ya ziwa. Mama alikuwa amelala chali, maji yakimtiririka shingoni, akiangalia juu, mahali ambapo sauti ilikuwa.

Mama wa Kikuria, ambaye bado hakuwa ameelezwa, alimwinamia na kumpangusa. "Dani, na ule moyo?" akamwuliza kwa woga. "Bado?"

Mama alinitazama mimi, kisha yeye. Akainua ule mkono wa kushoto, polepole, na safari hii hakuuonyesha juu. Aliuweka kifuani. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, neno kwa neno:

"Moyo umepoa."

Nilitoka nikaenda nyuma ya choo, ambako wale wanawake wasingeniona, nikalia mpaka futi ya cherehani ikalowa shingoni.